Raha ya mitumba, mitaa na mizimu haihitaji utetezi

Tangu 1 Januari 2025, nchi za Umoja wa Ulaya zinatakiwa kukusanya nguo na vitambaa chakavu peke yake, visichanganywe na takataka nyingine. Sheria nyingine ya umoja huo, iliyopitishwa 2024, inazikataza kampuni kubwa kuharibu nguo na viatu visivyouzika kuanzia Julai 2026. Kwa upande wa biashara, programu za simu za kuuziana nguo zilizokwisha kuvaliwa zimekua hadi kuwa soko la mabilioni. Wachambuzi wengi wameyaweka haya pamoja wakatoa hitimisho la haraka: kizazi kipya kimeamka, kinanunua nguo za zamani ili kuiokoa dunia. Hitimisho hilo linapendeza kwenye hotuba. Lakini mtazame mnunuzi mwenyewe akiwa meza ya mitumba Jumapili asubuhi, mikono imezama kwenye rundo la sweta, macho yakiwa kwenye mshono wa kola. Si kazi ya kuokoa dunia inayomshikilia pale saa mbili nzima.

Hoja yangu ni kwamba tumeisoma vibaya raha hii kwa sababu tumezoea kuidai kila raha ituletee risiti ya faida. Nguo za zamani tunazitetea kwa mazingira. Kuzurura katika mji usioujua tunakutetea kwa afya, hatua ngapi kwa siku. Hata kusoma hadithi za kutisha, jambo ambalo zamani mtu alilifanya chini ya blanketi bila kuulizwa, sasa kunatetewa kama zoezi la kuimarisha akili. Kwa maoni yangu mambo haya matatu ni raha moja, nayo ni kugusana na maisha ya watu tusiowajua, wengine wao hawapo tena, bila mtu kutupangia tukutane na nani. Na utetezi wa faida ni dhaifu, tena unaidhuru raha yenyewe, kwa sababu miji, masoko na programu hujengwa kufuata kile kinachopimwa.

Turudi nyuma kidogo, maana wanaodhani kupenda nguo za watu wengine ni fasheni ya juzi hawajakutana na mwandishi Mwingereza Charles Dickens. Mwaka 1836, akiwa bado kijana mwandishi wa magazeti, aliandika kuhusu Monmouth Street, mtaa wa London uliojulikana kwa maduka ya nguo zilizovaliwa. Alisimama mbele ya suti zilizotundikwa akaanza kuzijaza watu: hii ni ya mtoto wa shule, hii ni ya huyohuyo alipopata kazi ya ukarani, hii ni ya wakati alipoanza kuharibikiwa. Kwa kutazama vitambaa tu alitunga maisha ya mtu mmoja toka utoto hadi maangamizi. Katika makala hiyo hakuna neno la kuokoa kitu. Kuna mtu anayetembea mjini, anasimama, na akili yake inakataa kuliacha koti liwe koti tupu.

Wakati huo nguo ya mkono wa pili ilikuwa jambo la kawaida kabisa. Kitambaa kilikuwa ghali kuliko kazi ya mshonaji, na gauni moja liliweza kupita kwa bibi tajiri, kwa mtumishi wake, kwa mchuuzi, kisha kwa mtu wa nne aliyelipunguza likamtosha binti yake. Viwanda vilipoifanya nguo mpya iwe rahisi, ya zamani ikageuka aibu. Aibu hiyo ilianza kulegea miaka ya 1960, pale vijana wa London walipovamia soko la mtaa wa Portobello Road kununua makoti ya kijeshi ya enzi ya Malkia Victoria na kuyavaa kwenye dansi. Baadaye ikaja intaneti na masoko yake: eBay 1995, Vinted ikaanzishwa Lithuania 2008, Depop ikazaliwa Italia 2011 na kununuliwa na kampuni ya Etsy 2021 kwa dola bilioni 1.625. Kilichobadilika katika safari hiyo yote ni bei, njia na heshima. Shughuli ya mikono na macho imebaki ileile.

Shughuli hiyo inastahili kutazamwa kwa karibu, kwa kuwa ndiyo inayosahaulika katika mjadala. Mpekuzi mzoefu haanzi na mtindo wala rangi. Anaigeuza nguo ndani nje. Anatazama zipu: ya chuma au ya plastiki? Anatazama lebo. Nchini Marekani, kanuni iliyoanza kutumika 1972 inataka nguo ziwe na lebo ya kudumu ya maelekezo ya kufua, kwa hiyo nguo ya Marekani isiyo nayo huenda ni ya kabla ya hapo (huenda tu, maana kuna watu hukata lebo kwa kuwa zinawasha shingoni). Kwenye suruali za Levi's, kitambaa kidogo chekundu cha mfuko wa nyuma kiliandikwa jina kwa E kubwa hadi 1971. Baada ya hapo ikawa e ndogo, na kuna watu wanaoweza kuiona tofauti hiyo kutoka upande wa pili wa barabara. Gauni la Marekani lenye lebo ya chama cha wafanyakazi ILGWU limeshonwa kabla ya 1995, chama hicho kilipoungana na kingine, na michoro ya lebo zake ilibadilika mara kadhaa, hivyo anayeijua anaweza kukisia muongo. Koti la Uingereza lenye alama ya CC41 lilitengenezwa chini ya mpango wa serikali ulioanza 1941, wakati wa vita, nguo zilipogawiwa kwa kuponi na mshonaji alipowekewa kikomo cha mifuko, vifungo na marinda.

Ukishajua hivyo, rundo halibaki rundo. Niliwahi kununua koti la sufu ambalo bitana yake ilikuwa imetatuka kwapani na kushonwa upya kwa mkono, kwa uzi wa kijani uliokaribia rangi ya bitana lakini haukuifikia. Mishono midogo, iliyosongamana, ya mtu mwenye subira na taa hafifu. Sijui alikuwa nani. Nimelivaa miaka mingi, na kila ninapoingiza mkono napita juu ya kazi yake. Hilo si suala la kaboni.

Hapo ndipo mitumba inapopakana na mizimu, na sisemi hivyo kwa utani. Hadithi ya kutisha imelijua jambo hili kabla yetu. Mwaka 1842 mwandishi wa Urusi Nikolai Gogol alichapisha hadithi ya karani mnyonge wa St. Petersburg anayejinyima hadi anapata koti jipya, anaporwa koti hilo usiku kwenye uwanja mtupu, anakufa, kisha mzimu wake unaonekana mjini ukiwavua watu makoti mabegani. Mwaka 1868 mwandishi Mmarekani Henry James akatoa hadithi ya dada wawili. Mmoja anafariki akiacha sanduku la nguo zake nzuri limefungwa kwa ajili ya bintiye. Mwingine, aliyekwisha kuolewa na mume wa marehemu, analifungua. Anakutwa amekufa mbele ya sanduku, usoni ana alama za vidole visivyo vya mtu aliye hai. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga. James aliitimiza kauli hiyo neno kwa neno bila kuwahi kuisikia. James mwingine asiye na undugu naye, M. R. James, msomi wa Cambridge, aliwasomea marafiki zake hadithi za mizimu nyakati za Krismasi, na katika nyingi balaa huanzia kwenye kitu kikuukuu ambacho mtu mdadisi amekifukua au kukinunua.

Mji nao umo ndani yake toka mwanzo. Hadithi ya Gogol haiwezi kuhamishiwa kijijini, kwa sababu kijijini kila mtu angelijua koti la nani liko wapi. Inahitaji barabara ndefu, taa zinazopungua kadiri unavyotoka katikati ya mji, na watu wasiojuana wanaopishana bila salamu. Hata mazoea ya kusoma hadithi za aina hii yalibebwa na usafiri: W. H. Smith walipofungua duka la vitabu katika stesheni ya Euston, London, mwaka 1848, msafiri akapata kitabu cha bei nafuu cha kusoma njiani, na hadithi za kusisimua zikapata wateja waliokaa vitini bila pa kwenda. Anayesoma hadithi ya mzimu kwenye treni ya usiku, uso wake ukimtazama kutoka kwenye kioo cheusi cha dirisha, hahitaji kuelezwa kwa nini mambo haya yanaendana. Nguo, mtaa na hadithi vyote vinasema: hapa palikuwa na mtu. Anayebaki anakisia yaliyosalia.

Sasa tuzipime hoja za wanaotetea kwa faida, na nianze na ile nzito. Wanasema nguo iliyovaliwa tena haikuhitaji pamba mpya, maji mapya wala rangi mpya. Ni kweli, kwa sharti moja: iwe imechukua nafasi ya nguo mpya ambayo mtu angeinunua. Koti la zamani lililonunuliwa juu ya makoti mengine sita halijapunguza kitu. Kuna hata mtego: urahisi wa kuuza kwenye simu unampa mtu ujasiri wa kununua mpya, akijiambia kwamba ikimchosha ataiuza. Na mnyororo huo una mwisho wake. Katika soko la Kantamanto jijini Accra, wafanyabiashara hununua marobota bila kuona kilichomo, na kisichouzika huishia kwenye majalala na ufukweni. Jangwani Atacama, nchini Chile, marundo ya nguo zilizotupwa yamepigwa picha zilizozunguka dunia. Usiku wa kuamkia 2 Januari 2025, siku moja tu baada ya sheria ya Ulaya ya kukusanya nguo kuanza, moto uliteketeza sehemu kubwa ya Kantamanto. Matukio hayo mawili hayakusababishana. Ila yakiwekwa pamoja yanaonyesha kwamba kukusanya ni kazi rahisi, na kazi ngumu inafanywa na mtu mwingine, mbali, kwa mikono yake. Kwa hiyo hoja ya mazingira ina uzito, lakini inahusu viwanda, marobota na sheria. Inamhusu kidogo sana mtu anayepekua meza moja kutafuta shati moja.

Hoja ya afya ni nyepesi zaidi. Kile kiwango cha hatua 10,000 kwa siku hakikutoka maabara. Kilienezwa na kifaa cha kuhesabu hatua kilichouzwa Japani mwaka 1965, ambacho jina lake lenyewe lilibeba idadi hiyo. Tafiti za baadaye zimeonyesha faida huanza kupatikana chini ya hapo. Kutembea ni kuzuri kwa mwili, nani atabisha? Lakini kama shida ni hatua, uwanja wa michezo unatosha, tena hauna magari. Mtu anayepanda basi ambalo hajui linaishia wapi, akashuka kituo cha mwisho na kurudi kwa miguu akisoma majina ya maduka, anatafuta kitu ambacho kifaa cha mkononi hakina namba yake.

Hoja dhaifu kuliko zote ni ile ya hadithi za kutisha kuwa chanjo ya akili. Inategemea sana utafiti uliochapishwa 2021 na Coltan Scrivner na wenzake, uliokuta kwamba wapenzi wa filamu za kutisha waliripoti dhiki ndogo zaidi ya kisaikolojia katika miezi ya mwanzo ya janga la korona. Ni utafiti wa kuvutia, lakini tazama umebebeshwa nini. Uliwauliza watu kuhusu filamu. Hadithi ya kusomwa kimyakimya, ambayo mzimu wake unautengeneza wewe mwenyewe, ni mnyama mwingine. Ulionyesha mambo mawili yanayoambatana, na inawezekana kabisa kwamba watu wasiotishika upesi ndio wanaozipenda filamu hizo tangu awali. Halafu, hata kama ingekuwa kweli tupu, ni msomaji gani aliyewahi kufungua kitabu saa sita usiku ili ajiandae kwa janga lijalo? Anafungua kwa sababu anataka nywele za shingo zisimame akiwa salama kitandani, mlango ukiwa umefungwa na kukaguliwa mara ya pili. Kumwambia raha yake ni dawa ni kumtusi kwa upole.

Upande wa pili wapo wanaosema raha hizi zina lawama, na hao wananisumbua zaidi. La kwanza wanalolisema ni kwamba wenye nacho wakijazana kwenye meza za mitumba, bei hupanda na asiyekuwa na njia nyingine hukosa. Kwa jumla nguo hazijapungua duniani, zimezidi. Lakini lawama ina ukweli wake kwenye vitu fulani: koti zito la sufu, viatu vya ngozi vinavyovumilia, saizi kubwa ambazo hata madukani ni adimu. Anayenunua shati la saizi kubwa ili alikate liwe blauzi ya picha moja, amemnyima mtu shati. Hapa sina cha kujitetea zaidi ya kusema mpekuzi mwenye adabu anajua cha kuacha mezani.

La pili ni mji. Venice ilianza 2024 kuwatoza wageni wa siku moja ada ya kuingia katika siku za msongamano, na Barcelona imetangaza kwamba itaondoa leseni za nyumba za kupangishwa watalii ifikapo mwishoni mwa 2028. Wenyeji wamechoka, na wana haki. Ila tuangalie msongamano unakaa wapi. Uko kwenye viwanja vilevile vitano, mbele ya milango ileile, kwa sababu kila mgeni ameongozwa na orodha moja yenye nyota zilezile. Sisemi mgeni asambae kila kichochoro, maana hilo nalo huipandisha kodi ya nyumba mahali papya. Nasema hapa pia, kinachopimwa ndicho kinachojaa watu.

Wapo pia wanaotuambia haya yote ni kuililia jana. Nimesikia. Lakini aliyeshika koti la CC41 ameshika njaa ya kitambaa ya wakati wa vita, na anayesoma hadithi ya karani wa Gogol anasoma jinsi wanyonge walivyotendewa. Anayezitazama nguo za zamani kwa makini ni wa mwisho kutamani arudishwe huko.

Madhara ya kuisoma vibaya raha hii yanaanza kuonekana kwenye programu zenyewe. Zimejengwa kwa msingi kwamba mnunuzi anajua anachotaka: chagua chapa, saizi, rangi, hali ya nguo. Kwa mtu aliye mbali na masoko, au ambaye mwili wake haumruhusu kusimama saa nyingi, au saizi yake haipatikani, huu ni msaada mkubwa na sitaubeza. Lakini kisanduku cha kutafutia hujibu swali ulilokuja nalo, basi. Hakiwezi kukupa kitu ambacho hukujua jina lake. Zaidi ya hapo, programu inakumbuka ulichobofya jana na kukuletea ndugu zake leo, mpaka unabaki ukikutana na ladha yako mwenyewe kila kona. Orodha za vitabu zinazopangwa kwa mtindo huohuo hufanya vivyo hivyo: ukisoma hadithi moja ya nyumba yenye mizimu unaletewa nyumba nyingine thelathini, na ile ya sanduku la nguo unaikosa kwa kuwa haina nyumba. Ramani za simu nazo zinatoa njia fupi kwa mtu ambaye hakuwa na haraka.

Kwenye miji madhara yatakuwa mazito zaidi, kwa kuwa programu hufutwa na kuandikwa upya lakini soko likishavunjwa halirudi. El Rastro ya Madrid, Feira da Ladra ya Lisbon, masoko ya Saint-Ouen pembezoni mwa Paris, yote yanaishi kwa kitu kimoja kisichoandikwa kwenye ripoti yoyote: nafasi ndani ya mji inayomruhusu mtu kuja na meza, kupanga vitu visivyolingana, na kurudi nyumbani hata kama ameuza kidogo. Sheria mpya za ukusanyaji zitahitaji takwimu, na takwimu zitakuwa tani. Kwa kipimo cha tani, meza yenye mashati arobaini haina hoja mbele ya ghala lenye mikanda ya kuchambulia, kamera na malori. Ofisa wa mipango miji akiletewa maombi mawili ya eneo moja, akaambiwa achague linalorudisha nguo nyingi zaidi kwenye matumizi, atachagua ghala, na kwa vigezo alivyopewa atakuwa amefanya kazi yake sawasawa. Ndiyo maana wapenzi wa masoko haya wanapokwenda kuyatetea kwa lugha ya mazingira peke yake wanajichimbia shimo: wanaingia kwenye shindano ambalo wamekwisha kushindwa kabla ya kikao kuanza. Waende waseme wazi kwamba mji unahitaji mahali pa kukutana na vitu vya watu wasiojulikana, kama unavyohitaji bustani na maktaba, na kwamba hakuna aliyewahi kuitaka bustani ionyeshe imezalisha tani ngapi.